Ndyanao Balisidya, mwanamke aliyemrudisha Matika nyumbani

Mazungumzo ya leo hapa Lufingo, wilayani Rungwe, yanamhusu mama mmoja aliyeandika riwaya ya Kiswahili wakati ambapo wanawake wa Tanzania waliokuwa wamefanya hivyo walikuwa wachache mno. Jina lake ni Ndyanao Balisidya.

Kama nyumbani kuna kijana wa Kidato cha Tano au cha Sita anayesoma Kiswahili, aombwe daftari lake. Afungue kurasa za fasihi simulizi, pale wanapoandika nani alisema nini na mwaka gani. Kuna uwezekano mkubwa wa kukuta jina Matteru na mwaka kwenye mabano, na chini kidogo jina Balisidya, nalo na mwaka wake. Mwanafunzi hukariri majina hayo mawili kwa ajili ya mtihani, akayapanga pamoja na ya wataalamu wengine, akapata alama zake, akamaliza shule bila kuambiwa kwamba hao si watu wawili. Ni mama mmoja, May Lenna Balisidya Matteru, ambaye kwenye jalada la riwaya yake aliandika Ndyanao Balisidya. Na daftari hilohilo linalomtaja mara mbili kama mtaalamu, mara nyingi halimtaji hata mara moja kama mwandishi wa riwaya.

Riwaya hiyo inaitwa Shida. Ilitolewa mwaka 1975 na Foundation Books ya Nairobi.

Mwaka huo si wa kupita haraka. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake. Hapa Tanzania, Operesheni Vijiji ilikuwa imepamba moto, kaya kwa kaya zikihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Nchi ilikuwa inatoka kwenye ukame mkali na serikali ilikuwa ikinunua nafaka nje. Madarasa ya kisomo cha watu wazima yalikuwa yamejaa akina mama waliokuwa wakishika kalamu kwa mara ya kwanza maishani. Katikati ya hayo yote, ndani ya mwaka mmoja, wanawake watatu wa Tanzania walitoa vitabu vya ubunifu. Balisidya alitoa Shida. Martha Mvungi alitoa riwaya Hana Hatia kupitia Tanzania Publishing House, na mwaka huohuo mkusanyo wa hadithi kwa Kiingereza, Three Solid Stones, katika mfululizo mashuhuri wa waandishi wa Afrika wa kampuni ya Heinemann. Penina Muhando, aliyekuwa amekwisha kutoa tamthilia za Hatia, Tambueni Haki Zetu na Heshima Yangu, aliongeza Pambo.

Ili uzito wa jambo hilo uonekane, ni vizuri kurudi nyuma kidogo. Wanawake wa pwani walikuwa wakitunga kwa Kiswahili tangu zamani. Mwana Kupona binti Msham, aliyeishi pande za Lamu na Siyu, alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858 kwa hati za Kiarabu, na utenzi huo unasomwa mpaka leo. Lakini hiyo ni tungo ya ushairi. Riwaya ilikuja baadaye na ikaja na shule, mishahara na mitambo ya kuchapia, vitu ambavyo mwanamume alivifikia mapema. James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951. Kutoka kitabu cha Mbotela mpaka Shida na Hana Hatia ni miaka 41. Katika miaka yote hiyo, wahusika wanawake walijaa kwenye riwaya za Kiswahili, wakipendwa, wakiachwa, wakisifiwa na kuaibishwa, na karibu kila mara mwenye kalamu alikuwa mwanamume.

Sasa tuingie ndani ya Shida yenyewe. Ni hadithi ya vijana wawili, Chonya na Matika. Maisha ya kijijini yanawabana, na kila mmoja anaona kwamba jawabu liko mjini. Dar es Salaam inawapokea kama inavyompokea yeyote asiye na ndugu wala cheti. Kijana anatafuta kazi asiipate, na anayeikosa kazi kwa muda mrefu hujikuta karibu na mkono wa sheria. Msichana naye anakutana na yale ambayo kila mama wa Rungwe aliyewahi kumsindikiza binti yake stendi ya mabasi ya Tukuyu anayajua bila kusimuliwa. Hatimaye wote wawili wanarudi kijijini, na maisha yao yanaanza upya hapo.

Wapo wahakiki wanaouona mwisho huo kuwa mwepesi. Wanasema mwandishi aliifuata sera ya wakati wake, iliyotaka kila kijana arudi kijijini kulima. Hoja hiyo ina ukweli wake. Waandishi wengi wa miaka ya 1970 waliandika chini ya kivuli cha Azimio la Arusha, na kijiji cha ujamaa kilikuwa ndicho mwisho mwema wa hadithi nyingi. Lakini anayeishia hapo hajamtazama Matika sawasawa.

Mweke Matika kando ya Rosa, msichana wa kwenye riwaya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Rosa naye anaondoka kwao, Ukerewe, anaingia kwenye ulimwengu ambao baba yake alimfungia mlango asiujue, anaanguka, na mwishowe anakufa. Riwaya ya Kezilahabi ni kazi kubwa. Ilikemea malezi ya ukali na unafiki wa wakubwa, na kwa ajili ya ukweli wake ilizuiwa shuleni kwa muda. Hata hivyo, msichana aliyeteleza hakupata njia ya kurudi. Ndivyo zilivyokuwa hadithi nyingi za wakati ule: msichana akienda mjini akaharibikiwa, mwandishi alimzika, na msomaji alifunga kitabu akiwa amepata onyo.

Balisidya alikataa kumzika Matika. Alimpitisha kwenye shida zote, hakumficha lolote, kisha akamrudisha nyumbani akiwa hai, na watu wakampokea. Uamuzi huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Unasema kwamba aliyekosea mjini bado ni mtoto wa mtu, bado ana mikono ya kazi na miaka ya kuishi. Kwa wilaya kama hii, inayopeleka mabinti kufanya kazi za ndani Mbeya na Dar es Salaam kila mwaka, na inayowapokea wengine wakirudi na mtoto mgongoni na mfuko mmoja wa nguo, hadithi ya Matika ni ya leo kabisa. Binti wa namna hiyo akishuka kwenye basi, maneno ya kwanza atakayoambiwa na shangazi zake yanaweza kumjenga au kummaliza. Balisidya aliliona hilo, akaliandika.

Aliliona wapi? Jibu liko kwenye kazi yake ya pili, ile ya darasani. Balisidya alikuwa mwalimu na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970. Somo lake lilikuwa fasihi simulizi, yaani hadithi za mafigani, nyimbo za harusi na za kubembeleza watoto, methali na vitendawili. Mwaka 1982, katika jarida Kiswahili lililokuwa likitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, alichapisha makala ndefu kuhusu taswira ya mwanamke katika fasihi simulizi ya Tanzania. Alizitazama hadithi ambazo watoto wote hukua nazo, akauliza mwanamke anachorwaje ndani yake: mama wa kambo mwenye roho mbaya, mke mdadisi anayeleta balaa, bibi kizee mchawi, msichana mzuri anayekataa wachumba na kuolewa na zimwi. Kila anayesikiliza anaweza kukumbuka moja ya hadithi hizo, na pengine anaweza kumkumbuka aliyemsimulia.

Hapo ndipo jambo linakuwa zito, kwa sababu aliyesimulia mara nyingi alikuwa bibi. Mwanamke ndiye aliyekuwa mlinzi wa hadithi ambazo ndani yake mwanamke alionekana mbaya. Bibi alizipokea kwa bibi yake, akazipitisha kwa wajukuu jinsi zilivyo, jioni, ndizi zikiwa motoni. Balisidya hakuwalaumu akina bibi. Alizichukua hadithi zao kama kazi ya sanaa inayostahili kusomwa kwa makini, na mtu anayekiheshimu kitu hukikagua.

Rungwe ina ushahidi wake kuhusu wanawake na maneno. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia waliokaa na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika habari za desturi ambayo wazee wa hapa bado wanaikumbuka: mke hakutakiwa kumwona baba mkwe wala kulitamka jina lake, na zaidi ya hapo aliyakwepa hata maneno ya kawaida yaliyosikika kama jina hilo. Kama jina la mkwe lilikaribiana na jina la chakula au la chombo cha nyumbani, mke aliyeolewa alipaswa kupata neno lingine la kukiita kitu hicho, na kulitumia siku zote bila kusahau. Fikiria kazi hiyo ya akili. Msichana anaingia kwenye boma geni, na siku hiyohiyo anaanza kuongea lugha iliyoondolewa maneno fulani, naye anajaza mapengo kwa maneno mengine. Desturi hiyo ilimbana mwanamke, hilo halina ubishi. Lakini pia inaonyesha kwamba mafundi wa kutafuta neno walikuwepo katika nyumba za Rungwe vizazi vingi kabla ya kitabu cha kwanza kufika.

Upo pia ushahidi wa maandishi. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, wakasambaa nyanda hizi. Elise Kootz-Kretschmer, mama wa misheni aliyekaa Utengule, aliandika maisha ya wanawake kama yalivyosimuliwa na wenyewe. Wawili kati yao ni Narwimba na Chisi, waliopita kwenye miaka ya vita na biashara ya watumwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, wakahamishwa kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright aliyarudisha masimulizi hayo mbele ya wasomaji katika kitabu chake kuhusu watumwa na wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Ni hazina ya ukanda wetu. Na bado, Narwimba na Chisi walisema, mwingine akaandika, kwa lugha ya mwingine, kwa ajili ya wasomaji wa mbali.

Martha Mvungi ndiye aliyegeuza mpango huo katika Nyanda za Juu Kusini. Alikua kati ya Wabena na Wahehe, majirani zetu wa Njombe na Iringa, na hadithi alizozisikia utotoni akazisimulia upya kwa kalamu yake mwenyewe. Jina alilolipa kitabu, Three Solid Stones, ni la mafiga matatu ya jikoni. Aliyeketi kwenye mafiga ndiye sasa aliyekuwa na saini yake juu ya jalada.

Kilichotokea Dar es Salaam, Iringa na Njombe hakikuwa cha Tanzania peke yake. Kusini mwa India, kwa watu wa lugha ya Kitamili, yuko mwandishi anayejulikana kwa jina la Ambai. Jina lake halisi ni C. S. Lakshmi, aliyezaliwa Coimbatore mwaka 1944. Kama Balisidya, alifanya kazi mbili kwa pamoja, ya kutunga na ya kutafiti. Mwaka 1984, miaka miwili tu baada ya makala ya Balisidya, alitoa kitabu kinachochunguza wanawake katika fasihi ya Kitamili: wanavyochorwa, na wanavyoandika wenyewe. Hadithi yake inayojulikana sana ipo ndani ya jiko, jiko lililosukumwa pembeni mwa nyumba kubwa, ambamo wanawake wa ukoo huzeeka. Wanawake hawa wawili waliishi mbali, waliandika kwa lugha tofauti, lakini wote wawili waliuliza jamii zao zimekuwa zikisema nini juu ya mwanamke, na wote wawili wakaandika hadithi zinazomjibia.

Mbele ya hapo njia zao zilitengana, na tofauti hiyo ina mafunzo. Mwaka 1988, akiwa na wenzake wawili, Ambai alianzisha mjini Mumbai hifadhi ya nyaraka za wanawake iitwayo SPARROW, inayokusanya sauti, picha, barua na vitabu vya wanawake waandishi, wasanii na wafanyakazi, ili visipotee. Mwaka 2021 chuo cha taifa cha fasihi cha India, Sahitya Akademi, kilimpa tuzo yake kwa mkusanyo wa hadithi. Kitamili kina wachapishaji wengi, magazeti ya hadithi ya kila wiki na wasomaji wanaonunua. Mwandishi akitoa kitabu leo, kesho kuna mahali pa kukipeleka, na kesho kutwa kuna mtu wa kukitunza.

Balisidya na wenzake walipata mahali hapo kwa muda mfupi tu. Miaka ya mwanzo ya 1970 ilikuwa na neema. Tanzania Publishing House ilikuwepo tangu mwaka 1966. Nairobi kulikuwa na East African Publishing House, Foundation Books, na ofisi ya kuchapisha vitabu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, East African Literature Bureau. Mswada wa Kiswahili ungeweza kuandikwa Dar es Salaam, ukachapwa Nairobi, ukauzwa kwenye duka la Mbeya. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwishoni mwa 1983. Shida, riwaya ya Mtanzania juu ya maisha ya Tanzania, ilikuwa imechapwa Nairobi. Miaka miwili baada ya kutoka, njia ya kuileta madukani huku ilikuwa imekatika.

Baada ya mpaka kufungwa vikaja Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, ikafuata miaka ya foleni za sukari na sabuni. Karatasi nayo ikaadimika. Kiwanda kikubwa cha karatasi cha Mgololo, hapo Mufindi, kilianza uzalishaji mwaka 1985, lakini uchumi ulikuwa umekwisha kudhoofika na wachapishaji walikuwa wamelemewa na madeni. Katika hali hiyo kitabu cha kiada chenyewe kilichapwa kwa shida. Nani angerudia kuchapa riwaya ya mwanamke asiye kwenye orodha ya mtihani?

Akina mama hao hawakukaa kimya. Mwaka 1982 Balisidya, Penina Muhando na Amandina Lihamba walitoa pamoja tamthilia Harakati za Ukombozi, inayopitia historia ya Tanganyika tangu ukoloni hadi baada ya Azimio la Arusha. Wanawake watatu kwenye jalada moja, wakiandika siasa ya nchi, si mapishi wala malezi. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa na faida moja kubwa wakati karatasi hakuna: mchezo ungeweza kwenda kwa watu bila kusubiri mtambo. Muhando, ambaye wengi wanamfahamu pia kwa jina la Profesa Penina Mlama, na Lihamba walikwenda mbali zaidi, wakakaa kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakatengeneza na wanakijiji maigizo ya matatizo yao wenyewe, hasa mimba za wasichana.

Mwaka huohuo wa 1982 Muhando alitoa Nguzo Mama. Tamthilia hiyo inatokea katika kijiji cha Patata, ambako wanawake wanataka kuisimamisha nguzo iliyoanguka. Kila wakijikusanya kuivuta, mmoja anaitwa na mume, mwingine ana msiba na mali inagombaniwa, mwingine ana biashara yake, mwingine amechoka. Nguzo haisimami. Muhando hakuwapa ushindi wa bure. Msomaji anabaki na wanawake wale, wamechoka, kamba mikononi, na anajua kila mmoja aliondoka kwa sababu gani.

Nguzo Mama imesomwa na maelfu ya wanafunzi kwa sababu moja rahisi: iliingia kwenye orodha ya vitabu vya Kidato cha Tano na cha Sita. Orodha hiyo ina nguvu ya kuzalisha kumbukumbu ya taifa. Kwa miaka mingi, riwaya za kidato cha tatu na cha nne zimekuwa Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Takadini ya Ben Hanson na Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Kidato cha tano na cha sita wamesoma Kufikirika ya Shaaban Robert, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, Usiku Utakapokwisha ya Mbunda Msokile na Mfadhili ya Hussein Tuwa. Ni vitabu vizuri, na baadhi yavyo vinamtetea mwanamke kwa moyo wote. Hakuna atakayesahau Sekai akimkumbatia mtoto wake Takadini na kukimbia naye, wala Yasmini wa Vuta N'kuvute akikataa ndoa aliyolazimishwa. Lakini tuhesabu waandishi: riwaya saba, wanaume saba. Binti wa Lufingo anaweza kusoma Kiswahili miaka sita ya sekondari, akafaulu vizuri, bila kushika riwaya hata moja iliyoandikwa na mwanamke.

Hilo ndilo la kusikitikia, na ndilo la kurekebisha. Vipaji havijakosekana hata siku moja. Zainab Burhani wa Zanzibar alitoa Mali ya Maskini mwaka 1981 na Mwisho wa Kosa mwaka 1987, na shule za Kenya zilikichukua kitabu hicho cha pili kikawa cha mtihani, wanafunzi wa kule wakamjua mwandishi wetu kuliko wa hapa. Elieshi Lema, aliyekuwa mhariri Tanzania Publishing House, alianzisha na Demere Kitunga kampuni ya uchapishaji ya E&D, akaandikia watoto kwa Kiswahili, na mwaka 2001 akatoa riwaya Parched Earth kwa Kiingereza, iliyotajwa kwa heshima katika tuzo ya Noma ya vitabu vya Afrika. Karibuni zaidi, Zainab Alwi Baharoon alishinda tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell kwa riwaya Mungu Hakopeshwa. Na tangu mwaka 2023 ipo tuzo ya taifa ya uandishi bunifu yenye jina la Mwalimu Nyerere, inayopokea miswada kutoka kila kona ya nchi. Mswada wa Lufingo una haki sawa na wa Masaki.

Kwa walimu wa Kiswahili wa wilaya hii, kuna jambo linaloweza kufanyika muhula ujao bila kungoja waraka. Tafuteni nakala ya Shida, hata moja, kwenye maktaba za vyuo vya Mbeya au kwa wauza vitabu vya zamani. Chagueni sura ya safari ya kwenda mjini na sura ya kurudi, zisomwe kwa sauti darasani. Kisha zisomwe kurasa za mwisho za Rosa Mistika. Wanafunzi waulizwe mwandishi yupi amemtendea haki msichana wake, na waachwe wabishane, wavulana na wasichana, mpaka kengele ilie. Ubishi wao utakuwa na maana kwa sababu wanao dada na jirani zao waliosafiri kilomita karibu 900 kutafuta maisha.

Kwa vijana wenye simu, iko kazi nyingine. Balisidya alijenga utaalamu wake kwa kuketi na watu na kuwasikiliza. Simu ya mkononi inarekodi vizuri kuliko mashine alizokuwa nazo yeye. Bibi wa hapa anayejua hadithi za Kinyakyusa, anayekumbuka maneno aliyotumia alipoolewa ili asitaje jina la mkwe wake, arekodiwe msimu huu, kwa ridhaa yake, na jina lake liandikwe juu ya rekodi kama mwenye hadithi. Andikeni mwaka na kijiji. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine ipelekwe shuleni.

Na kwa yule mwanafunzi mwenye daftari lililotajwa mwanzoni, marekebisho ni madogo. Mbele ya Matteru na mbele ya Balisidya, aandike kwa kalamu nyekundu kwamba ni mtu mmoja, mwanamke, mwandishi wa Shida, 1975.